Maji Yalimpokea

Ziwa lilikuwa limekwisha kumeza barabara ya mwisho ya mtaa wa Kinindo, Bujumbura, wakati Irène alipopewa kazi ya kuchora kitabu cha watu wa kwanza walioruka angani. Halikuja kwa kishindo. Lilipanda kama mgeni asiye na haraka: leo linalamba ukuta wa bustani, mwezi ujao limo sebuleni. Wenye majumba ya kule chini wakahama mmoja baada ya mwingine, wakaacha malango yao ya chuma yamefungwa kwa minyororo, kana kwamba maji huomba ruhusa. Magorofa yakabaki yamesimama ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na jioni viboko walipanda kula majani katika bustani za watu ambao zamani wasingeruhusu hata mbuzi apite.

Nyumba aliyopanga Irène ilikuwa juu kidogo, mahali ambapo maji hayajafika. Akiwa barazani, meza yake ya kuchorea mbele yake, aliyaona mapaa na roshani za majumba yale. Alijizoeza kutoyatazama sana.

Kazi ilikuwa ya Sheikha, mama wa ukoo wa Waomani waliokaa Bujumbura tangu enzi za babu yake. Babu aliuza vitambaa; mjukuu akageuza duka kuwa la madaftari na kalamu, na nyuma yake akaweka mashine za kuchapia. Sheikha alimweleza Irène kwamba watoto wa mji huu huona ndege ikishuka juu ya ziwa wakaipungia mikono, lakini hawajui mtu alianzaje kuruka. Alitaka kitabu chenye picha kubwa, maneno machache ya Kiswahili, na Kirundi chini yake.

Irène alisoma miezi mizima kabla ya kugusa brashi. Akachora puto lililopaa na kondoo, bata na jogoo. Akachora wale ndugu wawili watengeneza baiskeli waliounda ndege ya kwanza, mmoja amelala kifudifudi juu ya mbawa za kitambaa, mwenzake anakimbia mchangani kando yake. Lakini picha iliyomkaa moyoni ilikuwa ya fundi cherehani mmoja wa Ulaya, aliyeshona koti pana la kumwezesha mtu kuelea hewani. Fundi alipanda mnara mrefu wa chuma asubuhi ya baridi kali, akasimama ukingoni akitazama chini, akasita, kisha akajitupa. Koti halikumsaidia kitu. Irène alimchora pale ukingoni, kabla, na chini yake ardhi tupu ya kijivu. Maiti hakuichora. Aliandika tu: "Koti halikufunguka. Fundi alikufa."

Kuna mtoto aliyeziona picha zile kabla ya mtu mwingine yeyote. Huyo ni Mélissa, binti wa jirani yake Christa, ambaye ni nesi na mara nyingi yuko zamu hospitalini. Mélissa akitoka shule alikuja barazani, akavuta kigoda, akatazama rangi zikikauka. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Alikuwa wa kushika vitu, kuvigeuza, kutaka kujua vimeshikana vipi. Mbele ya picha ya fundi alikaa muda mrefu hadi Irène akasahau kwamba yupo. Kisha akauliza kama ule udongo ulikuwa mgumu. Irène akamjibu kwamba ulikuwa mgumu kama jiwe, kwa sababu kule baridi hugandisha ardhi. Mtoto akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyepewa kipimo alichokuwa anakitafuta.

Sheikha alipoletewa picha alizipitia kwa furaha, akicheka jogoo wa kwenye puto, hadi akafika kwa fundi. Akavua miwani.

"Mwanangu, hii siichapi."

Irène alijitetea. Alisema watu hawakujifunza kuruka bure, na mtoto asiyeambiwa walioanguka hajaambiwa habari yenyewe. Sheikha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba watoto wa nchi hii wamezika vya kutosha, na mzazi hawezi kununua msiba akauweka kitandani kwa mwanawe. Irène akaivuta picha kwake, maana hata yeye alikuwa na makaburi yake.

"Mtie majini," Sheikha akasema. "Mnara ule si uko karibu na mto? Aanguke majini, atoke amelowa, watoto wacheke."

Irène akarudi nyumbani, akachora upya. Sasa fundi yumo mtoni, kofia inaelea pembeni, koti limetanda juu ya maji kama jani la yungiyungi, na yeye mwenyewe anatabasamu. Chini yake akaandika: "Maji yalimpokea." Ikawa picha nzuri kuliko zote kitabuni, na jambo hilo lilimtia haya kuliko kama angekuwa ameiharibu.

Mélissa alifika rangi ya mto ikiwa mbichi bado. Aliitazama, akatafuta ile ya kwanza chini ya meza, akaziweka sambamba.

"Hapa amepona?"

"Amepona."

"Sababu ya maji?"

Mkono wa Irène ulikuwa umechoka, na alitaka kazi iishe. Akasema ndiyo, maji ndiyo yaliyomponya.

Kitabu kilitoka mvua zilipoanza. Valéry, mwalimu wa shule ya mtaani, alimwalika Irène akisome mbele ya darasa, na watoto walikisikiliza kwa midomo wazi. Alipofika kwa fundi wote waliangua kicheko, isipokuwa Mélissa, aliyekuwa anachora kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu. Siku chache baadaye Valéry alimsimamisha Irène njiani, amefurahi, akamweleza kwamba watoto hawachezi mchezo mwingine tena: wanapanda ukuta wa shule, wanavaa masweta kichwani, wanaruka. Alimwambia hayo kama mtu anayeleta sifa. Irène alicheka naye, lakini alipopita shuleni aliutazama ule ukuta mara mbili.

Tangu hapo mambo madogo yakaanza kumfikia, kila moja likiwa na sababu yake ya kawaida. Mwavuli wa jirani wa ng'ambo ya barabara ulipotea barazani kwake. Christa akaja kuuliza kama Irène hakuona mtu akipita uani, kwa kuwa mashuka yake mawili mapya yalikuwa yametoweka kwenye kamba. Akalaumu wezi wanaozunguka majumba yaliyohamwa. Mélissa naye akaacha kuja barazani. Irène alipokutana naye njiani aliona mkwaruzo mrefu kwenye mkono wake, na vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. Mtoto akasema ni miiba.

Halafu kulikuwa na maneno ya Rénovat. Rénovat alikuwa mlinzi wa gorofa moja la kule chini. Mwenye nyumba alikuwa amehamia mtaa wa juu wa Kigobe, lakini bado alimlipa mzee huyo alinde nyumba iliyozama, naye aliilinda akiwa kwenye kiti chake ukingoni mwa barabara, mahali maji yanapoanzia. Alimwambia Irène kwamba alasiri husikia kicheko kule ndani. Hakwenda kuangalia. Jike la kiboko na ndama wake walikuwa wamefanya bustani ile kwao, na jike lenye ndama halina mjadala na mtu. Watu wa jirani walishaanza kusema ni pepo la ziwa. Rénovat hakusema ni pepo, wala hakukataa.

Siku iliyofuata Irène aliinua macho kutoka mezani, akaona kitu cheupe kwenye roshani ya gorofa lile. Akadhani ni pazia. Upepo ulikuwa umetulia, lakini kile kitu kilicheza, kikapotea ndani. Kesho yake kilirudi. Akajiambia kwamba ni pazia, akaendelea kuchora, na kila alichokichora siku hiyo alikifuta.

Alasiri moja, ziwa limetulia kama mafuta na mawingu meusi yamekaa juu ya milima ya Kongo, kile cheupe kilitokea tena, na safari hii kilikuwa na mikono.

Irène alishuka mbio. Hakukumbuka kufunga mlango. Njiani yale mambo madogo yalijipanga yenyewe kichwani mwake, mwavuli, mashuka, sindano, na sauti yake mwenyewe ikisema ndiyo, maji. Alimkuta Rénovat amesimama, fimbo mkononi, anatazama juu.

"Ni mutoto," mzee akasema. "Anapitaka nyuma, juu ya ukuta. Mi siingii, mama. Yule kiboko iko pale pembeni ya garaji."

Irène aliingia. Lango lilikuwa limepinda, akajipenyeza, akapita bustani akiwa ameshika ukuta, maji magotini, hadi mlango wa sebule. Ndani palinuka matope na samaki. Kiti cha kochi kilikuwa kinaelea chali, na ukutani maji yalikuwa yameacha mistari yao, mmoja juu ya mwingine. Alipokanyaga ngazi ya kwanza, sauti ya Mélissa ilitoka juu, tulivu kabisa, ikimwita shangazi kwa Kifaransa.

"Tantine, usipande. Ukipanda nitaruka sasa hivi."

Akarudi nyuma. Hapakuwa na la kufanya ila kutoka tena nje, asimame chini ya roshani, amwone.

Mélissa alikuwa amekaa juu ya ukingo, miguu inaning'inia. Koti lilikuwa la mashuka ya mama yake, limeshonwa kwa mikono, mishono midogo iliyonyooka, na mabegani alikuwa ametia mbavu za mwavuli ili litanuke. Lilikuwa koti kweli. Irène aliitambua kazi yake mwenyewe ndani yake: mikunjo ileile, mkanda uleule kifuani, kama alivyouchora. Chini ya mtoto yalitanda maji ya kahawia yasiyoonyesha kitu. Lakini Irène alikuwa amepita mbele ya nyumba hii kabla ya mafuriko, na alikumbuka. Chini ya roshani kulikuwa na maua ya waridi, na kuyazunguka, ua mfupi wa chuma wenye ncha kali kama mikuki. Maji yalikuwa yameufunika tu.

"Mélissa, shuka kwa ngazi. Yule fundi alikufa."

"Apana. Alipona. We mwenyewe uliandika."

"Niliandika uongo."

Mtoto alifikiri. Usoni hakuwa na ukaidi wowote, na hilo ndilo lililomtisha Irène kuliko yote.

"Kwanza ulimuchora juu ya udongo, akakufa," Mélissa akasema. "Kisha ukaweka maji, akapona. Mi niliona. Udongo ndiyo ulikuwa mubaya, koti ilikuwa muzuri."

"Maji nimeyaweka kwa kuwa niliombwa. Hakukuwa na maji."

"Sasa ndiyo unadanganya, unataka nishuke. Wakubwa wanasemaka hivyo."

Kila neno alilonalo Irène lilitoka katika mdomo uleule uliosema maji yalimponya fundi. Juu, mtoto alianza kukaza mkanda wa kifuani.

Basi Irène akaacha kusema, akatembea. Aliacha ukuta, akaelekea moja kwa moja chini ya roshani, pale mtoto alipokusudia kushukia. Kutoka barabarani Rénovat alimwambia kwa sauti ya chini asisogee. Pembeni ya garaji masikio mawili madogo yalipinduka juu ya maji, na pua ikapiga kishindo cha pumzi. Irène alisogea. Maji yalimfika kiunoni, yakakoma hapo. Hatua nyingine, kitu kikampasua mguu juu kidogo ya goti, akauma meno ili asipige kelele. Akapapasa, akaushika ua. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, kitambaa cha manjano, akakichomeka kwenye ncha mojawapo iliyokuwa kiganja kimoja tu chini ya maji. Kikabaki pale kinayumba kidogo, pindo lake likielea juu ya maji, wazi kwa aliye juu.

"Tazama maji yananifika wapi," akasema. "Tazama na hiki chuma. Viko hivi hadi kule mwisho, vyote vimesimama. Hapa ndipo utakaposhukia."

Damu yake ilikuwa inapanda juu ya maji polepole, nyekundu katika kahawia. Mélissa aliinama, akatazama kitambaa, akatazama damu. Mikono yake ikaachia mkanda. Irène aligeuza macho kwenye garaji, akaona masikio hayapo tena.

"Tantine," mtoto akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Anakuja. Maji yanavimba. Anakuja kwako."

Irène hakuweza kukimbia. Mguu ulikuwa umekwama kati ya vyuma, na kila alipouvuta nyama ilizidi kuchanika. Alisikia mapovu kabla ya kuyaona. Juu yake kukawa na mpapatiko wa kitambaa. Mélissa alilivua koti kwa nguvu, likachanika begani, akalishika kwa mikono miwili na kulitupa mbali, kando, upande wa garaji.

Koti liliruka. Hewa iliingia chini yake, mbavu za mwavuli zikafunguka zote kwa pamoja, likapita juu ya bustani likielea, jeupe, bila mtu ndani, mbali kuliko Irène angeweza kuamini, kisha likatua juu ya maji na kutanda. Maji yakapasuka. Jike la kiboko lilitoka na mdomo wazi, likalishika koti, likalizamisha, likaliinua tena na kulisaga, na sauti ya vile vyuma vyembamba ikasikika hadi barabarani, vinavunjika kimoja kimoja.

Irène aliung'oa mguu. Hakujua alifikaje ndani. Alimkuta Mélissa amekwisha kushuka hadi katikati ya ngazi, wakashikana hapo, wakasubiri huku Rénovat anapiga dumu tupu na kupaza sauti hadi jike likamchukua ndama wake na kuelekea ziwani.

Christa aliushona mguu wa Irène kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani, akiwa bado na sare ya kazi. Alipokata uzi aliuliza:

"Ni weye ulimwambia maji yanapokeaka watu?"

"Ni mimi."

Christa akafunga sanduku lake la dawa, akamchukua binti yake, akaondoka. Kigoda cha barazani hakikukaliwa tena na mtu.

Kesho yake Irène alikwenda mjini kwa Sheikha kwa miguu, akichechemea, maana mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani na bajaji hazikuonekana. Alimweleza yote bila kupunguza. Sheikha alisikiliza amesimama, kisha akakaa, na kwa mara ya kwanza Irène alimwona ni mzee.

"Astaghfirullah," akasema. "Na mimi ndiye niliyekwambia aanguke majini."

Kisha akageuka kutazama rafu tupu, na Irène akauliza kuna nini tena. Sheikha akamwambia. Vitabu vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Alikuwa ametaka kutoa sadaka, akachagua shule zilizopoteza vitabu vyao kwa mafuriko, na mafuriko, kama anavyojua, yamepiga kando ya ziwa. Kila katoni ilikuwa imekwenda kwenye maji.

Wakaanza siku hiyohiyo. Sheikha aliwasha mashine, akachapa ile picha ya kwanza, ya ardhi ya kijivu, ili ibandikwe juu ya ile ya mto. Wakatumia mafuta yaliyobaki kwenye gari lake kupita shule moja hadi nyingine. Walimu wengi walivitoa vibandikwe bila maswali. Mmoja alicheka, lakini Irène alipopandisha kitenge na kumwonyesha mguu aliacha kucheka. Upande wa kusini, kupita mtaa wa Musaga, walivikuta vyote. Kule Kajaga vilipungua vichache. Irène alivihesabu vilivyokosekana usingizini na akiwa macho.

Gatumba waliiacha mwisho kwa sababu ya barabara. Huko ziwa na mto Rusizi vilikuwa vimekutana, na mitaa mizima ilikuwa imesimama majini. Mwalimu, kijana mwenye buti za mpira, aliwapokea vizuri. Alisema vitabu havipo darasani, paa linavuja. Amewaruhusu watoto wavichukue nyumbani. Aliongeza kwamba wamevipenda mno, hasa ule ukurasa wa fundi. Wameusoma hadi wanaujua kwa moyo.

"Nyumbani ni wapi?" Irène akauliza.

Mwalimu akanyoosha mkono.

Kule alikoonyesha, mapaa ya mabati yalijipanga juu ya maji hadi upeo wa macho. Juu yake walikaa watoto, hapa wawili, pale kundi, kama walivyokaa kila siku tangu familia zao zihamie juu ya mapaa. Wengine walikuwa wamejifunika vitambaa mabegani. Huenda ni kwa sababu ya jua. Huenda ni mvua iliyokuwa inakuja. Kutoka pale barabarani mtu hakuweza kujua.

Irène alimwachia Sheikha mfuko wa picha za kubandika, akashuka kwenye tuta hadi maji yalipoanzia, akaweka mikono mdomoni na kuanza kuwaita, akiwaambia wakae, wakae chini, anakuja. Upepo ulirudisha nusu ya maneno yake. Vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine. Na kwenye paa la mbali kabisa mtoto mmoja, asiyesikia vizuri anaambiwa nini, akasimama.